Karanga za Mama Mkwe

Mwezi wa tano kwetu Mtwara, mtu ambaye hajang'oa karanga zake ama anaumwa, ama mvivu. Mimi siumwi. Ndiyo maana mama mkwe, aliposhuka kutoka Newala na kukuta ua wangu wa mbele umetanda majani ya karanga yenye maua ya njano, aliitikia shikamoo yangu, akaniangalia kwa huruma, akanyamaza.

Zilikuwa karanga, siwezi kukataa. Ila karanga za urembo. Nilizinunua Dar kwenye kitalu cha maua kando ya barabara, vipande vya mashina vimefungwa kwenye gazeti lililoloweshwa, nikavipakata ndani ya basi mpaka Mtwara. Jina lake la kitaalamu ni Arachis pintoi, kwao Brazili, ndugu wa damu wa hizi tunazokaanga: majani manne manne kwenye kikonyo, maua yaleyale, na usiku majani yanajikunja yakalala. Tofauti ni kwamba hii inatambaa, inatoa mizizi kwenye pingili, haifi msimu ukiisha, na punje zake ni za kutafuta kwa tochi. Nilipanda Desemba mvua zilipoanza, futi moja moja. Mvua ikikatika namwagia madumu, maana mchanga wa mtaani kwetu Chikongola haushibi maji. Kufika Mei ua ulikuwa zulia. Wapita njia walisimama. Nikaanza kujiona bwana shamba.

Alfajiri ya siku ya pili niliamshwa na kelele za watoto. Nikachungulia dirishani. Mama mkwe, khanga kaifunga kiunoni, yuko katikati ya ua na watoto sita wa jirani, anang'oa. Na anajua kung'oa yule mama! Anashika shina kwa chini, anatikisa mara moja mchanga wote unadondoka, anapindua mizizi juu ikauke. Mistari imenyooka kama ya shamba darasa. Mtoto mmoja akashika mzizi wenye vile vinundu vya bakteria wanaorutubisha udongo, akapiga ukelele: "Bibi, hii ina karanga changa!"

Ningesema nini? Mkwe hagombezwi. Nilitoka na taulo begani, nikasema, "Pole na kazi, mama."

"Ahsante, baba. Nimeona umebanwa na ofisi, nikasema nikusaidie, zisije zikaota ardhini."

Robo tatu ya ua ilikuwa imelala chali. Mavuno yote yakaletwa kwenye ungo: punje kumi na saba, nyembamba kama meno ya panya. Akaziangalia. Akaniangalia.

"Walikuuzia mbegu mbovu, baba. Wewe unahitaji Pendo."

Mke wangu alikuwa anatoka jikoni na birika la chai. Akasimama. "Pendo yupi?"

Ilibidi mama mwenyewe aeleze kwamba Pendo ni mbegu ya karanga ya kituo cha utafiti cha Naliendele, si mtu. Hata hivyo birika lilichelewa kutua mezani.

Usiku sikulala. Mashina yale yakiwahiwa na maji hushika upesi, lakini jua la siku moja zaidi lingeyafanya nyasi za kuezekea. Saa sita nikatoka na tochi ya simu na mwiko wa ugali, maana jembe lingeamsha watu. Nachimba, nafukia, namwagia kopo la maji, nahesabu mashimo kwa kunong'ona. Nilikuwa kwenye la arobaini na kitu mlango ulipolia.

Mama mkwe, anaelekea choo cha uani. Akamkuta mkwe wake gizani, kikoi tu mwilini, kapiga magoti, anarudisha karanga ardhini huku ananong'ona.

Akarudi kinyumenyume. Choo kikasubiri.

Asubuhi mzigo wake ulikuwa umeshafungwa, eti kakumbuka kuku. Stendi aliniaga vizuri tu, kwa mbali kidogo. Kisha akamvuta mke wangu pembeni, akamwambia kwa sauti aliyodhani siisikii:

"Zile punje za kwenye ungo, mwanangu, usizikaange."