Alama za chumba kitulivu hazitoshi

Nimechoka kusikia kwamba miwani ya uhalisia pepe, ile inayomwonyesha aliyeivaa mandhari ya kompyuta kana kwamba yuko ndani yake, ni mchezo wa watoto na haina kazi kwa mgonjwa wa kiharusi. Safari hii kauli imetoka kwa mtu anayewahudumia wagonjwa hao kila siku, tena akamalizia: "Sisi tuna Berg, inatosha." Haitoshi.

Sina ugomvi na kipimo cha Berg, kinachopima jinsi mtu anavyoweza kusimama na kujongea bila kuanguka. Tangu 1989 kimesaidia watu wengi: kazi 14, kila moja alama 0 hadi 4, jumla 56, na vifaa vyake ni kiti, rula, saa na kigoda. Mgonjwa anainuka kitini, anasimama amefumba macho, anaokota kitu sakafuni, anageuka mzunguko mzima, anajaribu kusimama kwa mguu mmoja. Mfiziotherapia mwenye jicho kali huona mengi humo. Lakini yote hayo yanafanyika wapi? Chumbani, kimya, kuta zimetulia, na mtu mmoja mbele yako anakuelekeza taratibu.

Shangazi yangu alipata zaidi ya alama 50 miezi michache baada ya kiharusi. Tulifurahi sana, na hatukukosea kufurahi. Tukatoka naye hadi kwenye korido wakati watu wanapishana kwa wingi, wengine kulia kwake, wengine kushoto. Akasimama ghafla. Hakuna aliyemgusa. Vidole vya mguu wake mzima, ule usiopooza, vilijikunja ndani ya kandambili, vikitafuta pa kushika, mwili ukaanza kwenda mbele na nyuma, akaning'ang'ania mkono: "Mwanangu, sakafu inaondoka." Sakafu ilikuwa pale pale. Vilivyokuwa vikienda ni vile vilivyojaa machoni pake.

Mwili husimama kwa habari za macho, za sikio la ndani, na za nyayo na viungo. Kiharusi kikishaharibu hisia za upande mmoja, au namna ubongo unavyopima habari hizo, wagonjwa wengi huegemea macho kuliko kawaida. Mandhari ikitulia, wanasimama vizuri. Ikianza kusogea, wanayumba nayo.

Mtaniambia Berg ina kipengele cha kufumba macho. Ndiyo, ila kufumba macho na kudanganywa na macho ni mambo mawili tofauti kabisa. Ukiyafumba, ubongo unajua huko hakuna habari, unageukia nyayo na sikio. Yakiwa wazi na yanadanganywa, ubongo unaletewa habari mbili zinazopingana na lazima uamue papo hapo uamini ipi. Mwaka 1974, David Lee na Eric Aronson waliwasimamisha watoto wachanga waliokuwa ndio kwanza wanajifunza kusimama ndani ya chumba ambacho kuta zake zinasogea na sakafu imetulia. Watoto waliyumba, wengine wakaanguka, kwa kuamini macho. Mtu mzima huwa ameshajifunza kuyapuuza macho yanapopotosha. Uwezo huo kiharusi kinaweza kuuchukua, na saa na rula haviwezi kutuonyesha kwamba umechukuliwa.

Miwani inaweza. Mgonjwa anasimama juu ya bamba linalopima msukumo wa nyayo, mkanda wa usalama mwilini, mfiziotherapia nyuma yake. Kwanza anaonyeshwa chumba kilichotulia. Kisha ukuta unaanza kuinama polepole. Kisha watu wanakatiza, wachache, wengi, kutoka upande uliopooza. Akizidiwa, mandhari inasimamishwa pale pale. Korido halisi huwezi kuisimamisha, wala huwezi kuirudisha vile vile mwezi ujao ili ulinganishe. Na bamba linakuonyesha jambo ambalo jicho hulikosa kirahisi: mgonjwa aliyesimama wima kabisa huku karibu uzito wote ameulaza kwenye mguu mzima.

Kuna kasoro, nakubali shingo upande. Wengine hupata kichefuchefu na kizunguzungu. Aliyepoteza nusu ya uoni, au ambaye ubongo wake unapuuza upande mmoja, huenda asiione kabisa nusu ya mandhari hiyo, kwa hiyo matokeo yake yasomwe kwa uangalifu. Miwani yenyewe ni mzigo kichwani, na mara nyingi mtu haoni miguu yake. Viwango vya kulinganishia navyo bado havijakubaliwa na wote kama ilivyo kwa Berg. Gharama? Bado ni nafuu kuliko chumba cha maabara chenye kuta zinazosogea. Na eti itamwondoa mfiziotherapia: nani basi atasimama nyuma ya mgonjwa?

Kasoro zote hizo ni sababu ya kuendelea kuiboresha. Hakuna hata moja inayohalalisha kumpima mtu mahali ambapo hakuna kinachosogea, kisha kuiambia familia yake kwamba yuko salama kutembea peke yake. Mtu huyo akianguka upande uliopooza, mkono hauwahi kumkinga, na nyonga ndiyo inayopokea kishindo chote.

Ninachoomba kwa wapimaji ni kidogo. Kando ya alama, andikeni mgonjwa alipimwa katika hali gani: macho yakiona nini, kitu gani kikisogea, uzito ukiwa mguu upi. Na kama miwani haipo, waombeni watu watatu wapite karibu mbele yake huku mmemshika, mwone miguu yake inafanya nini.