Mwaka wa kwanza na tuhuma ya kudekezwa

Kila vyuo vinapofunguliwa, anayependekeza mwaka wa kwanza wapewe walezi na vikundi vidogo vya kusomea hujibiwa kwa ukali: hawa ni watu wazima, wengine wametoka Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) juzi, waachwe wajitegemee. Hoja hiyo ina uzito wake. Mhadhiri mwenye darasa la mamia hawezi kumfuatilia kila mmoja, fedha ni chache, na mtu aliyezoea kushikwa mkono atapata shida kazini.

Lakini tumtazame huyo mtu mzima anavyoanza. Miezi michache nyuma alikuwa bwenini, akiamshwa kwa kengele na kuhesabiwa namba na kiranja. Sasa yuko Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kama ana mkopo, posho ya kujikimu tangu 2022 ni shilingi 10,000 kwa siku, na bumu, yaani fungu la posho hiyo, la siku 60 ni 600,000, linaingia kwenye akaunti aliyoifungua majuzi. Watu hupenda kusema hela hiyo huishia kwenye simu mpya. Mimi hunisumbua zaidi siku ambazo haijaingia: usajili haujakamilika, au jina la kwenye akaunti halilingani na la cheti. Siku hizo anakula kwa nani? Na analala wapi? Hosteli za Magufuli, zilizofunguliwa 2017, zilijengwa kwa wanafunzi 3,840, na chuo kina wengi kuliko hao mara kadhaa. Waliokosa vyumba hubebana, wawili kitanda kimoja, au hupanga mitaa ya jirani, Changanyikeni na Makongo.

Mwenye kaka mwaka wa tatu hapati tabu hiyo. Anabebwa, anakopeshwa hela ya kula, anapewa mitihani ya nyuma, anaonywa mapema kwamba alama 40 za majaribio na kazi za semina ndizo zinazomwokoa mtu na sapu, mtihani wa kurudia. Huyo hakuna anayemwita aliyedekezwa. Wanaodai walezi wanataka mtoto wa kwanza wa ukoo kufika chuo, aliyetoka wilaya za mbali kama Kakonko au Liwale bila kumjua mtu, apate anachopata mwenzake kwa bahati ya kuzaliwa.

Wengine husema vikundi vya dini vinatosha. Ni kweli CASFETA ya Wapentekoste, TMCS ya Wakatoliki na MSAUD ya Waislamu hupokea wageni kwa moyo, na wapo waliomaliza chuo kwa sababu yao. Ila kikundi cha sala hakijui nani hajaonekana semina mbili mfululizo, na asiye wa kikundi chochote anabaki peke yake mpaka matokeo yanapotoka, akiwa tayari kwenye hatari ya kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli.

Gharama haikwepeki, ingawa si kubwa kama inavyotangazwa. Semina zipo, karatasi za mahudhurio zipo na husainiwa. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, kwa posho ndogo, angeweza kukabidhiwa majina ishirini na kumpigia simu yule aliyekosekana mara ya pili.