Wawili Wawili Kwenye Tambarare ya Albufera

Asubuhi ya Jumapili, kwenye barabara zinazokatiza mashamba ya mpunga ya Albufera, kusini mwa jiji la Valencia, dereva hawezi kuwakosa. Waendesha baiskeli kumi au kumi na wawili, kaptula za kubana, migongo imeinama, wamejipanga wawili wawili kama wanafunzi wanaopelekwa ziara. Nyuma yao yamejipanga magari manne, na dereva wa kwanza ameshaanza kupiga honi. Malalamiko yake ni yale yale yanayosikika Hispania nzima: wamejaza njia, wanapiga soga, wangekwenda mmoja mmoja pembeni tungepita zamani.

Madereva hao nawaelewa, na wakulima nawaelewa zaidi, nitawafikia. Lakini kuna upande ambao huhukumiwa kabla haujafungua mdomo, nao ni wa hao wanaokwenda sambamba.

Sheria yenyewe haina utata mwingi. Tangu 1999 waendesha baiskeli wanaruhusiwa kwenda bega kwa bega, wasizidi wawili, na kundi zima huhesabiwa kuwa chombo kimoja linapoingia njia panda: wa kwanza akishaingia, gari husubiri mpaka wa mwisho amalize kupita. Anayewapita lazima aache nafasi isiyopungua mita 1.5. Marekebisho yaliyoanza kutumika Machi 2022 yalipandisha adhabu ya kutoacha nafasi hiyo kutoka kukatwa pointi 4 za leseni hadi 6, wakati dereva wa kawaida huanza na 12 tu. Marekebisho hayo hayo yaliwaondolea madereva ruhusa ya zamani ya kuzidisha kilomita 20 kwa saa juu ya kikomo wakati wa kupita gari jingine.

Hiyo mita 1.5 kila mtu anaitaja, na ni wachache mno wanaochukua kalamu wakaipigia hesabu. Tuipige.

Chukua barabara ya njia mbili yenye mita 3 kila upande. Mwendesha baiskeli aliye peke yake anakaa kama nusu mita kutoka ukingo wa lami, kwa sababu baada ya ukingo kuna changarawe na baada ya changarawe kuna mfereji. Bega lake la kushoto, basi, liko kama sentimita 80 ndani ya barabara. Ongeza mita 1.5 za sheria, tumefika 2.3. Gari dogo na vioo vyake vya pembeni lina upana wa karibu mita 2, kwa hiyo ubavu wake wa pili unafika mita 4.3. Njia yake ilikuwa na mita 3. Hata kwa mtu mmoja aliyebana pembeni kadiri ya uwezo wake, dereva anayefuata sheria ameshavuka mstari wa kati kwa mita moja na zaidi, na hawezi kufanya hivyo mpaka upande wa pili uwe mtupu. Na ukiwa mtupu, sheria inamruhusu kuvuka hata mstari usiokatika ili aipite baiskeli.

Sasa weka wawili sambamba. Bega la wa nje liko kwenye mita 1.7 hivi. Ongeza 1.5, ongeza gari, unapata 5.2. Barabara ina 6. Gari limehamia upande wa pili lote, na bado linatosha. Subira ni ile ile: upande wa pili ulitakiwa uwe mtupu tangu mwanzo. Kilichobadilika ni kwamba dereva hawezi tena kujipenyeza, yaani kubaki kwenye njia yake na kumpita binadamu kwa sentimita 60 huku akijiambia kwamba ameacha nafasi. Hao wawili hawajamzuia kupita kihalali. Wamemzuia kupita vibaya, na nadhani honi ile inalilia hilo, ingawa anayeipiga hajui.

Kuna urefu pia. Watu kumi na wawili mmoja nyuma ya mwingine, kila baiskeli mita 1.7 na pengo la mita moja katikati, wanafanya mstari wa mita 31. Wakienda wawili wawili wanakuwa mita 15. Wao wanakwenda kilomita 30 kwa saa, gari linakwenda 70. Litakaa ubavuni mwao karibu sekunde 3 katika hali ya kwanza, na chini ya sekunde moja na nusu katika ya pili. Katika sekunde 3 hizo gari limekula mita zaidi ya 50 za njia isiyo yake, na anayekuja kutoka mbele kwa kilomita 90, ambacho ndicho kikomo cha barabara nyingi za namna hii tangu 2019, amesogea mita 70 nyingine. Anayetaka kundi lijinyooshe kuwa kamba ndefu anaomba akae upande wa hatari kwa muda mara mbili.

Watu wengine hudhani tambarare haina hatari, kwamba ajali ni za milimani. Huko milimani, kwenye Coll de Rates kwa mfano, kona zenyewe humpunguza dereva mwendo. Majaruba ya Albufera karibu hayana kona wala mti. Dereva anaona kilomita mbili mbele na macho yanamwambia ana nafasi tele. Majira ambayo majaruba yamejazwa maji, jua la asubuhi linarudi kutoka chini pia, na baiskeli iliyo mbele inakuwa kivuli chembamba tu. Watu wawili kwa upana huonekana mapema kuliko mmoja.

Halafu upepo. Barabara kubwa za eneo hili zinafuata pwani, na llevant, upepo wa mashariki unaotoka baharini, huzipiga ubavuni bila kizuizi. Aliye peke yake anauegemea. Lori likimpita, upepo unakatika ghafla, naye anavutwa kuelekea kwenye lori, kisha unarudi na kumsukuma kuelekea mfereji. Kundi hujilinda kwa kukaa karibu na kukingana. Wataalamu wa mashindano wanaujua upepo huu wa ubavuni kuliko mlima wowote. Kwenye Vuelta ya 2019, mashindano makubwa ya baiskeli ya kuizunguka Hispania, siku ya kutoka Aranda de Duero kwenda Guadalajara, kundi la mbele lilijipanga mshazari kwenye upepo, likakimbia kilomita 219 kwa wastani wa zaidi ya 50 kwa saa, na Primož Roglič aliyekuwa akiongoza mashindano akapoteza zaidi ya dakika 5 kwa Nairo Quintana bila kupanda mlima wa maana. Wa Jumapili hawaruhusiwi kujitanda hivyo barabara nzima, na ni haki wasiruhusiwe. Wanaruhusiwa wawili, na hiyo ndiyo kinga pekee waliyoachiwa.

Mwezi Mei 2017, pale Oliva, kusini zaidi mwa mkoa huo huo, karibu na ardhi oevu nyingine yenye mpunga, dereva aliyekutwa na pombe na dawa za kulevya mwilini aligonga kundi la waendesha baiskeli sita asubuhi ya Jumapili. Watatu walikufa. Hakuna mpangilio wa kundi unaomzuia mlevi, na sitaki kuitumia ajali hiyo kuthibitisha hesabu zangu. Naitaja kwa sababu vifo vya namna hiyo, pamoja na zaidi ya saini 200,000 zilizokusanywa na mjane wa mwendesha baiskeli aliyegongwa 2013, ndivyo vilivyosukuma mageuzi ya sheria ya jinai ya 2019 dhidi ya madereva wazembe na wanaokimbia baada ya kugonga. Mtu akisikia honi nyuma yake katika mkoa huo, anakumbuka mambo ambayo mpiga honi huenda hayakumbuki.

Upande wa pili una hoja, na ile nzito zaidi imo ndani ya sheria yenyewe. Ruhusa ya kwenda wawili ina sharti: kwenye sehemu isiyoonekana mbele, au kundi linaposababisha msongamano, wanatakiwa wajipange mmoja mmoja. Vilabu vingi hukumbuka nusu ya kwanza ya kifungu na kusahau hii. Magari manne yakishasubiri dakika tano nyuma ya kundi linalozungumza habari za magurudumu ya kaboni, kuendelea sambamba kwa sababu tu kalamu inaniunga mkono ni kiburi. Na mahali penye bega la barabara, ile sehemu ya lami iliyo nje ya mstari mweupe, ikiwa pana na safi, wanatakiwa wapite huko. Tatizo ni neno "safi". Trekta likitoka jarubani huburuta tope zito la mfinyanzi na kulimwaga pembeni, likikauka linakuwa mabonge magumu, na tairi la milimita 28 likipanda bonge hilo usukani unageuka wenyewe.

Njia ya baiskeli iliyopo kutoka Valencia hadi El Saler haitatui sana. Ni ya familia, watoto na wapiga picha za machweo. Kumpitisha humo mtu anayekwenda kilomita 35 kwa saa ni kuhamisha hatari kutoka kwake kwenda kwa mtoto wa miaka sita.

Mkulima, sasa. Albufera ilitangazwa kuwa hifadhi 1986, hekta 21,000 hivi, na takriban 14,000 kati yake ni majaruba. Mpunga huvunwa Septemba, na mkulima anashindana na mvua za vuli, zile ambazo mwishoni mwa Oktoba 2024 ziliua zaidi ya watu 220 mkoani Valencia. Mpunga mbichi ukilala umerundikwa unapata joto na kuharibika, kwa hiyo tela lazima lifike kwenye kikaushio siku ile ile. Njia anayopita si ile ya mita 6 niliyoipigia hesabu. Ni kijia cha lami kati ya mifereji miwili, pengine mita 4, na trekta lake linachukua mbili na nusu. Hapo mita 1.5 haipatikani kwa hesabu yoyote. Hawezi kupita kihalali hata kama waendesha baiskeli wangejikunja kama karatasi, na akisubiri wafike mwisho wa kijia amepoteza robo saa ambayo wao wanaiita mazoezi na yeye anaiita kazi.

Kwenye vijia hivyo hesabu yangu inaishia, na mkulima ndiye mwenye njia. Vilijengwa ili mpunga utoke shambani. Kundi linapaswa kusimama, kushusha mguu kwenye majani, na kumpisha, bila kusubiri taa wala honi. Kwenye barabara kubwa wawaache wawili wawili.

Septemba iko pia njia rahisi zaidi, na baadhi ya vilabu vingeweza kuipanga mwezi mmoja kabla: kuacha majaruba kwa wiki za mavuno na kuelekea bara, kwenye mashamba ya michungwa ya upande wa Alzira. Ni tambarare vilevile, miti inakata upepo, na mavuno makubwa ya machungwa huko hayashiki kasi kabla ya Novemba.