Andikeni ukubwa wa mraba kwenye ramani zetu

Ramani yoyote ya mafuriko inayoletwa kwenye mkutano wa mtaa hapa Mwanza iandikwe ukubwa wa mraba wake, yaani kipande kidogo kabisa cha ardhi inachokionyesha, kwa herufi kubwa, juu kabisa. Nalidai hili kwa uchungu, maana rangi za ramani hizo ndizo zinazoamua nani ataambiwa ahame.

Ramani za aina hii, yaani rasta, huigawa ardhi katika miraba iliyo sawa, na kila mraba hupewa thamani moja tu: mwinuko, aina ya ardhi, au kiasi cha mwanga kilichoifikia setilaiti. Picha za setilaiti za Landsat tunazotumia sana zina miraba ya mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900. Sasa panda mitaa ya milimani kama Mabatini au Igogo uone kinachoingia humo: nyumba kadhaa, jabali kubwa kuliko nyumba zenyewe, ngazi za mawe, mtaro, migomba. Kompyuta inatakiwa kuchagua jibu moja. Ikichagua "mwamba", watu wamefutika.

Hata daraja la Kigongo–Busisi, pamoja na urefu wake wa kilomita 3 hivi, halifikishi upana wa mita 30. Hakuna mraba wa mita 30 wa Landsat unaoweza kubeba daraja tupu. Lazima uchanganye na maji.

Mwinuko nao una yake. Data maarufu ya miraba ya mita 30 ilipimwa kwa rada kutoka chombo cha anga Endeavour, Februari 2000. Penye majengo na miti, rada ile haikufika vizuri kwenye udongo. Mto Mirongo unapokatiza mjini ni mwembamba kuliko mraba mmoja, kwa hiyo maji na kingo hupewa kimo kimoja. Halafu tunaiuliza ramani hiyohiyo mto utafurika hadi wapi!

Siipingi rasta. Ziwani haina mpinzani: magugu maji yanayohamishwa na upepo, setilaiti za Sentinel-2 huyafuata kwa miraba ya mita 10, kila baada ya siku 5 mawingu yakiruhusu. Ninachokataa ni kuikata miraba ya mita 30 kwa programu iwe ya mita 5, kisha kusema ramani imeboreshwa. Imependeza tu, kilichopimwa ni kilekile.

Kwa milimani nataka nyumba zichorwe moja moja juu ya picha za droni, zenye miraba ya sentimita chache, na wakazi wazihakiki wakiwa na mwenyekiti wao wa mtaa kabla ramani haijapelekwa ofisi yoyote.