Tanga halifi kwa beteni moja

Beteni moja, yaani ufito unaolipa umbo tanga la ubao wa majini, ikivunjika, tanga zima linasukumwa nyuma ya banda na kusahaulika huko. Kila kusi ikikaza naliona jambo hili, kuanzia Diani na Galu hadi Watamu, na ukivuka kwenda Paje, Unguja, utalikuta vilevile. Tanga halina hata tundu. Mishono yote imeshika na kamba zake zipo. Limekosa ufito mmoja tu, na kwa ajili ya ufito huo kijana anayejifunza kuendesha ubao wa tanga (windsurfing) anakaa nchi kavu akiwatazama wa kaiti, wanaovutwa na tiara, wakipita. Kwangu huo ni ubadhirifu usio na sababu, maana kazi ya kubadilisha beteni si ngumu na haihitaji fundi kutoka Ulaya.

Tuanze na kazi ya beteni yenyewe. Tanga la ngalawa hupata umbo lake kwenye foromali na katika mkato wa kitambaa, na upepo ukilijaza linatuna lenyewe. Tanga la ubao wa kisasa ni kitu kingine. Limetengenezwa kwa plastiki ngumu inayopitisha mwanga, na tumbo lake linashikiliwa na fito zinazopita katika mifuko kutoka kwenye mlingoti hadi ukingo wa nyuma, kama mbavu za mwavuli. Matanga ya mwanzo ya mchezo huu, miaka ya 1970, yalikuwa laini na yalikuwa na vibeteni vifupi ukingoni tu. Zile za urefu mzima zilienea miaka ya 1980, na tangu hapo tanga likishikwa na upepo wa ghafla tumbo lake halihami, linabaki pale pale mbele ya mikono. Tanga la mawimbi huwa na beteni nne au tano. La mbio linaweza kuwa na saba.

Ndiyo maana ikivunjika moja tu unahisi mikononi mara moja. Tanga linavuta nyuma, mkono wa nyuma unachoka, na upepo ukiongezeka ubao unakuwa mkaidi. Wapo wanaoendelea hivyo hivyo hadi jioni kwa kuwa upepo ni mzuri na hawataki kuupoteza. Naelewa tamaa hiyo, lakini naipinga kwa nguvu zote. Ncha ya faibaglasi iliyovunjika ni kali kama msumeno mdogo. Kila tanga linapopinduka upande ncha ile inasugua mfuko, inatafuna mshono, kisha inatokea nje na kupasua plastiki. Hapo sasa una kazi mbili, na ya pili ndiyo yenye gharama. Ukisikia imelia kwa ndani, rudi ufukweni, fungua tanga, itoe.

Kuitoa nako kuna adabu yake. Kwanza legeza kamba zote na uvue mlingoti, kwa sababu beteni iliyo chini ya mkazo inaweza kuruka. Nyuma, mwisho wa mfuko, utakuta kofia ndogo ya plastiki yenye skrubu ya kukazia, au utepe na bizimu katika matanga ya zamani. Ilegeze mpaka mwisho, vuta kipande cha nyuma. Kile cha mbele hubaki ndani, na hapa ndipo watu wanapokosa subira na kuchana mfuko kwa kisu. Usichane. Pitisha vidole juu ya mfuko polepole, utaihisi ncha ilipo, na mara nyingi utaona alama nyeupe mahali ilipokuwa ikisugua. Kishike kipande hicho kupitia kitambaa, mkono mmoja ukisukuma kutoka upande wa soksi ya mlingoti, yaani ala ya kitambaa mlingoti unamopita, mwingine ukiinua ncha kali isikwame kwenye mshono, na kisogeze nyuma kidogo kidogo mpaka kitoke. Vaa glavu. Nyuzi za faibaglasi hazionekani vizuri, zikiingia kidoleni zinawasha siku nzima, na watoto wanaozunguka banda wasiachiwe wachezee vipande hivyo.

Vipande vyote vikusanye, hata kile kidogo cha katikati. Vilaze sakafuni kwa mpangilio uone urefu kamili kabla hujapima. Nimeona mtu akikata beteni mpya kwa kukisia macho, ikawa fupi, na skrubu ikaisha njia kabla mfuko haujakaza. Beteni fupi haina dawa, lakini ndefu unaweza kuipunguza.

Je, utengeneze au ununue mpya? Jibu langu linategemea imevunjikia wapi. Beteni ndefu za chini mara nyingi ni vipande viwili. Mbele kuna ufito mwembamba unaozidi kuwa mwembamba kuelekea mlingoti, na nyuma kuna bomba jepesi. Sehemu ya mbele ndiyo inayojipinda sana kwa sababu tumbo la tanga liko hapo. Ukiiunga, pale ulipounga pataota ugumu, na badala ya mpindo mzuri utapata kona. Tanga litakuwa na uso wa kuvunjikavunjika, na nguvu yote ya mpindo itahamia pembeni ya kiungo chako, ivunjike tena hapo. Kwa hiyo ya mbele badilisha, usisumbuke na gundi.

Bomba la nyuma ni habari nyingine. Halijipindi sana, na linavumilia kuungwa. Zungushia tepu pale unapokusudia kukata ili nyuzi zisitawanyike, kata kwa msumeno wa chuma sehemu yote iliyopondeka, na usiache hata ufa mmoja mwembamba. Tafuta kijiti cha faibaglasi kinachoingia ndani ya bomba bila kulegea, kikwaruze kwa msasa, paka gundi ya epoksi, ingiza nusu huku na nusu kule. Kama ulikata sehemu kubwa, jazia kipande cha bomba la unene uleule kati yao ili urefu urudi. Ungia kwa ndani kila inapowezekana, maana kipande kinachovishwa kwa nje kinaongeza unene na kinaweza kukwama mfukoni au kusugua plastiki. Kisha liache hadi kesho yake. Joto la pwani linaharakisha epoksi kushika, lakini kushika si kukomaa, na wengi wanairudisha beteni majini wakati gundi bado inakubali ukucha.

Kuhusu mbadala za kienyeji nina maoni makali kidogo. Bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme halifai. Jua la saa sita likilipata linalainika, linakubali mpindo na halirudi tena. Mwanzi uliochongwa vizuri utakufikisha nyumbani na kumalizia mchana wako, ila unakunywa maji na kuvimba ndani ya mfuko. Fito za faibaglasi za hema la zamani ndizo ninazoziheshimu: ni nyepesi, zina viungo tayari, na kwa upande wa nyuma wa beteni zinafanya kazi ya kweli. Ila usiziweke mbele, kwa sababu unene wake ni mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na tanga linataka ufito unaolainika kuelekea mlingoti.

Ugumu ndio jambo linalodharauliwa kuliko yote. Watu wanapima urefu, wanalinganisha unene, basi. Lakini fito mbili za unene mmoja zinaweza kuwa na ugumu tofauti kabisa, hasa moja ikiwa na kaboni. Nenda katika tanga hilohilo, toa beteni ya jirani iliyo nzima. Iegemeze ncha zake juu ya viti viwili, ning'iniza katikati chupa ya maji ya lita moja, pima imeshuka kiasi gani. Rudia kwa ile unayotaka kuweka, viti vikiwa umbali uleule. Bila shaka beteni za tanga moja hazilingani sawasawa, zinabadilika kutoka juu hadi chini, ila utajua upesi kama umeshika kitu cha familia ile au kigumu kama mpini. Baada ya hapo geuza kipimo: sogeza chupa karibu na ncha moja, kisha nyingine. Inayoshuka zaidi ndiyo ncha ya mbele. Kuna matanga yanayoendeshwa msimu mzima yakiwa na beteni iliyowekwa kinyume, na mwenyewe analaumu upepo.

Ukishairudisha, usikaze skrubu tanga likiwa limelala bila mlingoti. Lifunge kwanza, vuta kamba ya chini hadi kipimo chake, halafu kaza. Angalia mikunjo midogo inayokatiza mfuko wa beteni. Mikunjo ikitoweka, acha. Kuongeza zaidi ya hapo ni kuulazimisha ufito ujipinde pasipo upepo, na ndiyo njia fupi ya kurudi kwenye gundi. Watu wa mbio wenye matanga yenye kemba, vile vibano vinavyoegemeza beteni kwenye mlingoti, hukaza zaidi kidogo, nao wanajua kwa nini.

Nisieleweke vibaya, siyo kila tanga ni la kuokolewa. Ile plastiki inaliwa na jua. Ikipoteza uangavu, ikawa na mistari midogo kama ya kioo kilichopasuka, na ukiikunja pembeni inalia na kukatika, usilinunulie beteni hata moja. Litakupasukia nje karibu na mwamba, maji yakiwa yanatoka, na matembezi ya kurudi juu ya matumbawe si ya kumtakia mtu.

Ila tanga la namna hiyo likifa, beteni zake huwa bado nzima. Hili ndilo linaloniuma. Mwisho wa msimu kuna kituo cha michezo ya majini katika pwani yetu nilikiona kikirundika matanga yaliyochoka na kuyachoma na beteni zake ndani, moshi mweusi ukielekea vijijini. Wiki hiyohiyo vijana wa ufuko uleule walikuwa wanatafuta ufito mmoja tu. Kuuagiza kutoka nje ni shida, kwa sababu kitu kirefu husafirishwa kwa bei ya kirefu hata kikiwa chepesi kama unyoya, kisha kuna forodha, kisha kuna kusubiri. Kaskazi inaweza kuingia na kuisha kabla hakijafika.

Nawaomba wenye vituo na wageni wanaoacha vifaa vyao hapa wafanye jambo moja kabla ya kutupa tanga. Legezeni zile skrubu, toeni beteni zote, na kofia zake za plastiki, na skrubu zenyewe, maana hizo ndizo zinazopotea kwanza. Zifungeni kwa kamba. Andikeni kwa kalamu isiyofutika, juu ya tepu, ukubwa wa tanga zilikotoka na namba ya kila moja kutoka juu kwenda chini. Ziwekwe ndani ya bomba refu la maji darini mwa banda, mbali na jua, na kila mwenye tanga bovu ajue kwamba anaruhusiwa kuja kutafuta.