Njiwa wa Lincolnshire na mpita njia mwenye maswali

Niseme mapema kabisa: huku Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, napiga njiwa kwa bunduki kwenye mashamba ya watu, kwa ruhusa ya wenyewe, na sioni haya. Nikituma picha kwenye kundi la familia, wa nyumbani Tanzania wanataka kujua kama nyama yake ni ngumu na kama nimepika kwa nazi. Wa huku, wakinikuta shambani, wanataka kujua nani kaniruhusu kuua. Swali la pili linanikera kuliko la kwanza, na bado ndilo ninalotaka kulitetea leo.

Kwanza mmjue ndege mwenyewe. Si hua wetu yule mwembamba anayelia mchana juu ya mwembe. Huyu ni njiwa mnene wa kijivu, doa jeupe shingoni, mstari mweupe bawani, uzito wake nusu kilo hivi. Uingereza nzima wapo kama jozi milioni 5 zinazotaga. Wakulima wenyewe wamechangia kumnenepesha. Walipoanza kulima kwa wingi kanola, lile zao la mafuta lenye maua ya njano, wakawa wamemwekea majani mabichi mezani wakati wote wa baridi, msimu ambao zamani ulikuwa ukimuua kwa njaa. Sasa mwaka mzima ana ratiba: wakati wa baridi kanola, majira ya kuchipua njegere zilizotoka kupandwa, kiangazi ngano iliyolazwa na mvua, na baada ya mavuno punje zilizobaki chini. Kundi la mia kadhaa likishinda kwenye kona moja ya shamba la kanola, jioni unakuta vikonyo vitupu vimesimama.

Mkulima hakurupuki kutafuta bunduki. Anaanza na mzinga wa gesi unaolipuka kila baada ya muda, anatundika kishada chenye umbo la mwewe, anasimamisha sanamu yenye koti. Njiwa hushtuka, halafu huzoea. Nimewaona wakila hatua chache tu kutoka kwenye ule mzinga. Ndipo anapotafutwa mtu kama mimi. Silipwi kitu. Yeye anaokoa zao, mimi naondoka na kitoweo.

Kazi yenyewe ni ya subira kuliko ya shabaha. Unatazama kwanza ndege wanapitia wapi wakielekea kula. Unajificha nyuma ya wavu kando ya ua wa miti, unapanga njiwa bandia vichwa vikielekea upepo unakotoka, unaacha uwazi katikati ili wanaokuja wapate pa kutua. Kuna na kimashine cha betri kinachozungusha njiwa wawili waliokufa, mabawa yametanuka, ili kwa mbali waonekane wanashuka kula. Kisha unakaa. Siku nyingine unamaliza chupa nzima ya chai na hujafyatua hata risasi moja.

Na hapa ndipo nchi hizi mbili zinapoanza kutofautiana. Nilikotoka mimi, Mbarali, ndege anayekula mpunga ni adui, na adui haombewi kibali kwa mtu. Huku, karibu kila ndege wa porini analindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981, njiwa huyu naye yumo. Kinachoruhusu apigwe ni leseni ya jumla ambayo serikali huitoa na kuiandikia masharti. Inayohusu mazao England inaitwa GL42. Masharti yake yanataka uwe unazuia hasara kubwa kwa mazao, na njia zisizoua ziwe zimejaribiwa kwa dhati. Raha ya kulenga haimo. Ukimwambia askari kwamba umekuja kujifurahisha tu, umejifunga mwenyewe kwa mdomo wako.

Leseni hizo ziliwahi kuzua moto. Mapema 2019 kikundi cha Wild Justice, ambacho mmoja wa waanzilishi wake ni mtangazaji wa wanyama Chris Packham, kilizipinga kwa hoja ya kisheria kwamba namna zilivyotolewa haikuwa halali. Natural England, mamlaka iliyokuwa ikizitoa, ikazifuta Aprili kwa taarifa ya siku mbili tu, katikati ya msimu wa kupanda. Wakulima walipandwa na hasira. Kuna watu walikwenda usiku kutundika kunguru waliokufa kwenye geti la nyumba ya Packham. Wizara ya mazingira ikaichukua kazi hiyo na kutoa leseni mpya. Nikisimulia kisa hiki nyumbani wanacheka, wanadhani nimetia chumvi. Watu wazima na mawakili wao, nchi nzima ikizozana kwa sababu ya kunguru na njiwa! Mimi sicheki sana siku hizi.

Bunduki nayo ina habari yake. Cheti cha shotgani kinatolewa na polisi, kinadumu miaka mitano. Daktari wako anaandika kuhusu afya yako, ya akili ikiwemo. Afisa anakuja nyumbani kuona kabati la chuma limefungwa ukutani namna gani na nani anajua ufunguo uko wapi. Mke wangu aliulizwa maswali yake. Kwetu kijijini mzee mmoja alikuwa na gobole lililoegemezwa nyuma ya mlango wa chumba, na watoto wote tulijua lilipo.

Sasa mpita njia. England na Wales kuna zaidi ya kilomita 200,000 za njia za umma, nyingi zikikata katikati ya mashamba ya watu. Mwenye shamba hawezi kuifunga, na anayepita hana haja ya kubisha hodi. Kwa hiyo unaweza kuwa umekaa kwenye maficho yako, njiwa wameanza kuja vizuri, mara anatokea mtu na mbwa wake mita mia kutoka ulipo. Marisau, zile chembe za risasi, yanaweza kuanguka hata zaidi ya mita mia mbili. Hapo hakuna mjadala: bunduki inafunguliwa, risasi zinatolewa, unasubiri apite. Wapo wenzangu wanaokasirikia hilo, wanasema wanaharibiwa siku. Nawaambia njia ilikuwepo kabla yao na kabla ya babu zao.

Wengi wanapita wakikuitikia kwa mkono. Wachache wanasimama. Mama mmoja wa makamo, viatu vya mpira hadi magotini, mbwa mweusi mzee kamkamata kwa kamba, alisimama akaniita kutoka njiani. Nikatoka kwenye wavu, bunduki imevunjwa katikati na iko mkononi ili aone matundu ni matupu, nikawa wa kwanza kusalimia. Hiyo ni tabia niliyotoka nayo nyumbani na imenisaidia kuliko karatasi zote nilizonazo.

"Unaona raha kuwaua?" akaniuliza, salamu yangu hakuiitikia.

Sikumjibu neno la raha. Niliokota njiwa mmoja, nikampasua kile kifuko cha shingoni kinachotunza chakula kabla hakijashuka kwenye firigisi. Majani ya kanola yalimwagika kiganjani mwangu, bado ya kijani, yamekunjamana na kulowa, mtu angeweza kuyahesabu. Nikamwonyesha na shamba lilipoliwa, nyuma yangu. Alitazama kiganja changu kwa muda, mbwa naye akanyoosha pua.

"Basi asingepanda kanola kila mahali," akasema. "Mmewaalika wenyewe, halafu mnawapiga."

Nilimwambia mimi silimi, mimi ni mgeni wa mkulima. Akasema hilo si jibu. Na kweli halikuwa. Tuliachana hivyo, yeye hakukubali na mimi sikufunga virago. Nimewahi kumweleza mwenye shamba maneno ya yule mama. Alicheka kidogo, akaniambia bei ya kanola na bei ya mbolea, akaondoka na trekta lake. Nadhani wote wawili wana haki zaidi ya wanavyopeana.

Wapo wasioniuliza chochote, hao ndio wanaonichosha. Anatoa simu anaanza kurekodi, au anakanyaga mimea kuja kuwafukuza ndege huku anapiga makofi. Mwingine anapiga simu polisi kwamba kuna mtu mwenye bunduki shambani. Na mimi ni mweusi. Kwenye wilaya hizi za mashamba, Mwafrika anatazamiwa akivuna kabichi au akiwahudumia wazee, si akiwa na shotgani chini ya ua wa miti. Kwa hiyo kabla sijatoka nyumbani napiga namba 101, nawaeleza polisi nitakuwa shamba gani na kuanzia saa ngapi, wananipa namba ya kumbukumbu. Wenzangu Waingereza hufanya hivyo nao, ila wengine husahau na hawapungukiwi na kitu. Mimi sisahau. Askari waliwahi kuja wawili, wakaiona namba, wakatazama cheti, mmoja akaomba kuonyeshwa kile kimashine kinavyozunguka. Heshima ilikuwepo. Lakini mikono yangu niliiweka mahali pa kuonekana muda wote, na sidhani jirani yangu mzungu angeifikiria mikono yake.

Nina ugomvi mmoja na hawa wanaolalamika, nao ni kwamba huruma yao inachagua. Sumu ya panya iko kwenye maghala ya kila shamba hapa, na panya anachukua siku kadhaa kufa. Sijamwona mtu akisimama langoni kumrekodi. Habari ya kuku wa bei rahisi wa supamaketi sitaigusa, tutakesha. Hata hivyo, kwamba mtu hajauliza kuhusu panya hakumwondolei haki ya kuniuliza kuhusu njiwa. Aliyebeba bunduki ndiye anayedaiwa maelezo. Asiyetaka kuulizwa akavue samaki.

Nawaambia kwa nini nimefika hapa. Utotoni kazi yangu ilikuwa kuamia, yaani kufukuza ndege shambani. Mpunga ukianza kutunga maziwa, watoto tunakaa juu ya dungu tangu alfajiri, kombeo mkononi, madongo ya udongo yamerundikwa pembeni, kamba zenye makopo zimevutwa hadi mwisho wa jaruba. Wengine walitega utepe wa kaseti unaovuma kwa upepo. Shule ilisubiri. Tukichoka kupiga kelele, kwelea kwelea wanashuka, na kwelea hashuki mmoja. Ni ndege wa gramu 20 hivi, anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, lakini huja kwa malaki na mamilioni. Unakiona kiwingu cheusi kinajipinda juu ya matete, halafu unasikia mabawa.

Wakizidi, inaombwa ndege ya kunyunyizia sumu. Inakuja magharibi, wakati kwelea wamerudi kulala, inawamwagia fenthioni kwenye matete na migunga. Asubuhi chini pamejaa. Pamoja na kwelea wanakufa bundi, mwewe na wengine waliokuja kula maiti zao. Serikali hutangaza watu wasiokote, na bado wapo wanaookota, kwa sababu kitoweo ni kitoweo. Sumu hiyo ilibishaniwa miaka mingi kwenye vikao vya Mkataba wa Rotterdam, ule wa kimataifa wa biashara ya kemikali hatari, nje huko. Pale kijijini sikuwahi kumsikia mtu mzima akiuliza imemwagwa kiasi gani, karibu na maji yapi, na nani atarudi kuhesabu wasiokuwa kwelea. Tulishangilia ndege ikipita. Mimi mwenyewe nilikimbia chini yake nikipunga.

Mwaka wa njaa hakuna mwenye nafasi ya kumhurumia kwelea, na sidai tuwe Waingereza. Lakini kwa njiwa arobaini ninaowapiga huku kuna leseni, masharti, cheti, daktari, na juu ya yote mama mwenye viatu vya mpira. Kwa ndege milioni na sumu juu ya maji ya kunywa, kwetu kulikuwa na taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji. Hapo ndipo ninapomwonea wivu mpita njia. Ni mkaidi, anachagua pa kuhurumia, hajawahi kuamia hata asubuhi moja, lakini anasimama na kuuliza, na mwenye bunduki inambidi awe na jibu.

Kondoa, katikati mwa Tanzania, wana njia nyingine: wanawatega kwelea kwa vikapu na nyavu na kuwauza kama kitoweo. Haimalizi kundi la milioni, najua. Ila mla ndege anajua amekula nini. Ningependa kuona hilo likipewa fedha na wataalamu kabla ya kupiga simu kuita ndege ya sumu, na pale ambapo ndege hiyo ni lazima, mkutano wa kijiji ufanyike kabla, visima vitajwe kwa majina, na aje mtu siku ya pili kuokota na kuhesabu.

Kaka yangu bado analima Mbarali na nimemsomea haya kwa simu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema msimu huu hana watoto wa kuweka kwenye dungu, wote wako shule kama inavyotakiwa, na kama nina muda wa kuuliza maswali basi nikate tiketi, mpunga unaanza kutunga mwezi wa nne.