Hakujitakia

"Kajitakia mwenyewe. Nani alimtuma Arabuni?"

Maneno hayo niliyasikia ukumbini kwetu Tanga, wiki aliyorudi binti wa mama mdogo kutoka Muscat, Oman. Waliosema ni shangazi zangu, watu wenye huruma. Mdogo wangu alikuwa amekaa palepale, viganja vimechunika kwa dawa za kusafishia vyoo. Wakala alimwahidi familia ya watu wanne na Ijumaa ya kupumzika. Alipofika akakuta nyumba mbili za ndugu, zote azihudumie yeye, na godoro stoo kando ya mashine ya kufulia. Pasipoti ilichukuliwa siku hiyohiyo. Alipoomba kuondoka, akaambiwa arudishe kwanza gharama za kumleta.

Hoja ya shangazi zangu ilishajibiwa mwaka 2000. Itifaki ya Palermo ya Umoja wa Mataifa, ya kupinga usafirishaji haramu wa binadamu, inasema ridhaa haina uzito kama ilipatikana kwa udanganyifu, vitisho au kwa kutumia vibaya unyonge wa mtu. Umepanda ndege kwa miguu yako mwenyewe, sawa, lakini aliyekudanganya ili akunyonye bado ana kosa. Tanzania ilitunga sheria yake dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu mwaka 2008. Oman nayo, mwaka huohuo.

Basi sheria zipo huku na huko, na bado msichana analala stoo. Kwa maoni yangu ni kwa sababu kazi yenyewe hatuihesabu kuwa kazi. Kupika, kufua, kulea: mambo ya wanawake, nani ayaandikie mkataba? Ndiyo maana naona waliouandika mkataba wa 1979 wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake waliona mbali. Wajibu wa kukomesha biashara ya wanawake waliuweka humohumo, ibara ya 6, pamoja na elimu, ajira na ndoa. Ni jambo moja.

Ila mkataba ninaoupenda kuliko yote ni Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, kuhusu wafanyakazi wa majumbani. Uruguay na Ufilipino ndizo zilizotangulia kuuridhia, na Ufilipino inajua uchungu wa kuwa na mabinti katika nyumba za watu ng'ambo. Ibara ya 9 inasema mfanyakazi ana haki ya kukaa na pasipoti na vitambulisho vyake mwenyewe. Ya 10 inampa saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Serikali yetu ikikaa mezani na nchi za Ghuba, ianzie hapo, kabla ya kuzungumzia idadi ya nafasi za kazi. Maana chini ya kafala, mfumo wa udhamini wa nchi hizo, kibali chako cha kuishi kimefungwa kwa kafili, yaani mwajiri anayekudhamini; ukitoka bila ruhusa yake unahesabiwa mtoro, na pasipoti anayo yeye.

Nilimsomea mdogo wangu ibara ile usiku, tukiwa wawili chumbani.

"Hebu rudia hiyo ya tisa, dada."

Nikarudia. Akanyamaza, kisha akauliza, "Na kitambulisho cha yule binti wa kazi hapa kwa mama, kiko wapi?"

Kilikuwa kabatini kwa mama, chini ya kanga, tangu siku aliyoletwa kutoka Lushoto.